Vikapu Vitatu: Namna ya Kusoma Maandiko ya Wabudha

Tulipokuwa katika seminari kubwa, kitabu chetu cha teolojia kilikuwa na nusu ukurasa juu ya dini ya Budha. Kilisema mambo matatu: kwamba Budha hakufundisha habari ya Mungu Muumba, kwamba aliwaongoza watu kutamani kuwa si kitu, na kwamba maandiko ya wafuasi wake ni fujo ya hadithi zisizo na mwisho. Tuliyaandika hayo katika daftari zetu, tukayajibu siku ya mtihani, tukapewa alama nzuri. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza ni nani amesoma maandiko hayo, yaliandikwa lini, na wenyewe huyasoma namna gani.

Ilipita miaka mingi mbele ya kufungua sisi wenyewe tafsiri ya Kifaransa ya maandiko yale. Hapo tuliona kwamba katika mambo matatu ya kitabu chetu, la kwanza ni kweli, la pili si kweli, na la tatu ni neno la mtu aliyeingia msituni bila kuuliza njia. Tukaona haya kidogo, maana sisi nasi tulikuwa tumekwisha kuwafundisha wengine nusu ukurasa ule ule.

Wakatekista wanajua shauri hili kuliko sisi. Nani kati yao hajakutana kijijini na mtu aliyeshika aya moja ya kitabu cha Ufunuo, akaacha shamba lake bila kulimwa kwa ajili ya aya hiyo? Aya si mbaya. Lakini mtu yule ameitoa katika nyumba yake, hajui ndugu zake wala wazazi wake. Sasa, kama kitabu chetu sisi chaweza kuteswa hivyo na mtu wa kwetu, je, kitabu cha watu wa mbali kitapata nini mikononi mwetu? Basi tuanze na nyumba yenyewe, ndiyo kusema namna maandiko yale yalivyozaliwa na kupokelewa.

Budha, jina lake Siddhattha Gotama, aliishi kaskazini ya Uhindi, katika inchi za bonde la mto Ganges. Zamani wataalamu wengi waliweka kifo chake karibu na mwaka 483 mbele ya Kristu. Siku hizi wengi wanakiweka karibu na mwaka 400. Mapokeo yanasema alihubiri kwa muda wa miaka 45, akizunguka kwa miguu toka mji hata mji, akafa mwenyi miaka 80 mahali paitwapo Kusinara. Hakuandika neno hata moja. Jambo hilo lisitushangaze: Bwana Wetu Yezu Kristu mwenyewe hatusomi kwamba aliandika kitu, isipokuwa siku ile alipoandika kwa kidole chini, na maandiko yale upepo uliyachukua.

Nyuma ya kifo cha mwalimu wao, mapokeo yanaeleza kwamba wamonaki 500 walikusanyika Rajagaha, wakiongozwa na mzee Mahakassapa. Upali, aliyekuwa kwanza kinyozi, aliulizwa juu ya kanuni za maisha ya wamonaki, akazikariri moja moja. Kisha Ananda, ndugu wa Budha na mtumishi wake wa miaka mingi, aliulizwa juu ya mahubiri. Ndiyo sababu kila hubiri katika mkusanyo huo laanza kwa ushuhuda wa mtu asemaye kwamba yeye amesikia hivyo. Kisha anataja mahali na watu waliokuwapo. Msomaji wa Ulaya aliona maneno hayo kuwa desturi tu, akayaruka. Lakini kwa wenyewe maneno hayo ni kama saini ya shahidi mbele ya hakimu.

Wataalamu wa leo hawakubali habari yote ya mkutano huo kama ilivyo; wanaona kwamba mengi yaliongezwa nyuma. Sisi tunapenda kutazama jambo moja dogo ambalo waandishi wa kale wangeweza kulificha, na hawakulificha. Mkutano ulipokwisha, alifika mzee mmoja jina lake Purana pamoja na wamonaki wake. Wakamwomba akubali yale yaliyokaririwa. Alijibu kwa adabu kwamba wazee wamekariri vizuri, lakini yeye ataendelea kushika yale aliyoyasikia mwenyewe kinywani mwa mwalimu. Hakugombana nao, wala hawakumfukuza. Habari hiyo imo katika kitabu chao cha kanuni mpaka leo. Watu wanaohifadhi katika kitabu chao neno la yule ambaye hakujiunga nao si watu wa kuandika ovyo.

Kwa muda wa miaka mia tatu hivi, maneno yale yote yalikaa katika vichwa vya watu. Wamonaki waligawana kazi: wengine walishika mahubiri marefu, wengine yale ya kadiri, wengine mafungu yaliyopangwa kwa hesabu, toka mambo yaliyo moja moja mpaka yale yaliyo kumi na moja. Kila kundi lilikuwa na walimu wake na wanafunzi wake, nao walikariri pamoja kwa sauti, ili mmoja akikosea wengine wamsahihishe.

Msomaji wa leo, akifungua mahubiri hayo, anachoka upesi. Sentensi moja inarudi mara nne, mara nane, neno moja tu limebadilika. Yeye anasema: hawa hawakujua kuandika. Kweli, hawakuwa wakiandika! Walikuwa wakiweka maneno mahali ambapo hayataanguka. Sisi tuliojifunza katekismu mbele ya kujua kusoma, tukijibu wote pamoja chini ya mwembe, sakramenti saba, amri kumi, mizizi saba ya dhambi, tungepaswa kufahamu upesi kuliko wengine kwa nini Wabudha wana kweli nne, njia yenyi sehemu nane, na mnyororo wenyi pete kumi na mbili. Hesabu ni kamba ya kufungia mzigo: mtoto akitaja sakramenti sita anajua mwenyewe kwamba moja imeanguka njiani.

Kuandikwa kwenyewe kulikuja kwa sababu ya taabu. Dini ilikuwa imekwisha kufika kisiwa cha Sri Lanka, kilichoitwa Ceylon zamani za ukoloni. Katika karne ya 1 mbele ya Kristu, wakati wa mfalme Vattagamani, kisiwa kiliingiliwa na vita na njaa kali. Wamonaki wengi walikufa, wengine walivuka bahari kwenda Uhindi. Vitabu vya maelezo vinasimulia kwamba waliobaki waliishiwa nguvu hata wasiweze kuketi; walilala chini, vichwa juu ya mchanga, wakaendelea kukariri ili wasisahau. Taabu ilipopungua, wazee waliona hatari iliyo wazi: mtu akifa, kitabu kimekufa. Wakaamua kuandika kila kitu juu ya majani ya mtende, kwa kuchora herufi kwa chuma chenye ncha na kupaka rangi nyeusi ili zionekane. Mapokeo yanaonyesha mahali: Aluvihara, karibu na mji wa Matale.

Kuna habari moja ya siku hizo za njaa ambayo kila mwalimu wa seminari angependa kuijua. Kitabu kimoja kati ya vile kilikuwa kimebaki katika kichwa cha mmonaki mmoja tu, na mmonaki huyo alikuwa na sifa mbaya. Mzee mwenyi heshima aliombwa aende kujifunza kwake. Alikataa. Wakamsihi, akaenda, akajifunza mpaka mwisho. Siku ya mwisho akaona mwanamke amefichwa chini ya kitanda cha mwalimu wake. Alisema kwamba kama angalijua mbele, asingalijifunza kwake neno hata moja. Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kuokoka! Mtakatifu Augustino, aliyeshindana na Wadonatisti juu ya sakramenti zinazotolewa na mikono isiyo safi, angalicheka kidogo kusikia habari hiyo. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa; neema ya sakramenti na kitabu kilichokaririwa ni mambo mbali mbali. Twasema tu kwamba swali limewapata watu wa pande zote.

Maandiko hayo ya Sri Lanka ni ya lugha ya Kipali, nayo yanaitwa Tipitaka, maana yake vikapu vitatu. Kikapu cha kwanza ni Vinaya, kanuni za wamonaki, zilizo 227 kwa wanaume. Cha pili ni mahubiri. Humo mna mahubiri marefu 34, ya kadiri 152, na mengine maelfu yaliyo mafupi, pamoja na vitabu vidogo kama Dhammapada yenyi mashairi 423. Cha tatu ni Abhidhamma, ambamo mafundisho yamechambuliwa kwa namna ambayo wanafunzi wa falsafa ya Mtakatifu Toma hawatajiona wageni. Katika karne ya 5, mmonaki Buddhaghosa alikaa katika monasteri kubwa ya Anuradhapura, akageuza katika Kipali maelezo ya wazee yaliyokuwa katika lugha ya kisiwa. Mbudha wa inchi zile hasomi kikapu bila maelezo hayo, kama vile sisi hatuwasomi Manabii bila kuwasikiliza Mababa.

Lakini tusidhani kwamba hapo tumemaliza kuhesabu. Mtu asemaye Biblia ya Wabudha, kana kwamba ni kitabu kimoja chenye jalada moja, amekosea tayari. Wachina walikuwa na kazi yao wenyewe ya kutafsiri. Kumarajiva, aliyefika Chang'an mwaka 401, alitafsiri akizungukwa na wanafunzi wengi waliobishana naye juu ya kila neno. Xuanzang alisafiri Uhindi toka mwaka 629 hata mwaka 645, akarudi na maandiko 657. Korea, katika karne ya 13, walichonga maandiko yote juu ya vibao vya miti zaidi ya 80.000, navyo vingali katika monasteri ya Haeinsa. Burma, mfalme Mindon alichongesha vikapu vitatu juu ya mawe 729 huko Mandalay, kazi iliyoanza mwaka 1860 na kumalizika mwaka 1868. Watibeti nao wana makusanyo mawili: Kangyur, maneno ya Budha yaliyotafsiriwa, karibu vitabu mia, na Tengyur, maelezo ya walimu, ambayo ni mengi kupita hayo.

Tena makusanyo haya hayalingani. Toka karibu na mwanzo wa hesabu ya miaka yetu, Uhindi ulianza kuona maandiko mapya, ya njia iitwayo Mahayana, ambayo yalijitaja kuwa maneno ya Budha mwenyewe. Wengi walikataa: hayakukaririwa Rajagaha, wazee wetu hawakuyasikia. Wengine walijibu kwamba neno lolote linalopatana na mafundisho ni la Budha. Mabishano hayo yalidumu karne nyingi, na Wabudha wa Sri Lanka na wa Tibet hawajapatana mpaka leo juu ya hesabu ya vitabu.

Katika mabishano hayo ndimo tunapoona jambo ambalo kitabu chetu cha seminari hakikulidhania. Watu hawa walijitungia sheria za kupima na za kusoma. Padri mmoja wa Ubelgiji alizieleza vizuri kuliko watu wengi: Étienne Lamotte, aliyezaliwa Dinant mwaka 1903, mwalimu katika chuo kikuu cha Louvain, kile kile kilichozaa Lovanium hapa kwetu mwaka 1954. Katika maandishi mawili ya miaka 1947 na 1949, alikusanya sheria hizo toka vitabu vya Kipali, Kisanskriti na Kichina. La kwanza laeleza namna ya kupima kama neno ni la kweli, la pili namna ya kutafuta maana yake.

Sheria za kupima zimo katika habari ya siku za mwisho za Budha. Mtu aweza kuja na kusema kwamba neno fulani amelisikia kwa Budha mwenyewe. Au kwa jumuiya yenyi wazee. Au kwa wazee wengi wenyi elimu. Au kwa mzee mmoja mwenyi elimu. Msimsifu, msimdharau. Shikeni maneno yake, myalinganishe na mahubiri na kanuni. Yakipatana, pokeeni, yasipopatana, semeni kwamba mtu huyu amesikia vibaya. Tutazame vizuri: hata yule asemaye kwamba amesikia kwa Budha mwenyewe anapimwa. Ukubwa wa mtu hautoshi.

Sheria za kutafuta maana zilikuja nyuma. Ni nne. Msomaji ategemee mafundisho, si mtu anayeyatoa. Ategemee maana, si herufi. Ategemee maandiko ambayo maana yake imekwisha kuwekwa wazi, na kwa hayo aeleze yale ambayo maana yake yahitaji kuongozwa. Na mwisho ategemee ujuzi unaotoka katika kutafakari, si akili inayogawanya-gawanya tu. Hiyo ya nne ni yao, na sisi hatuwezi kuijaribu kwa kukaa mezani na kamusi. Lakini ya pili na ya tatu, mwanafunzi yeyote wa Maandiko Matakatifu anazitambua.

Mfano mmoja utatosha. Katika Dhammapada mna shairi juu ya mtu aliyemwua mama yake na baba yake na wafalme wawili, naye akaenda zake bila fadhaa, kama mtakatifu. Mtu akisoma herufi atasema: tazameni, hawa wanasifu wauaji. Kumbe kanuni zao zinahesabu kumwua mzazi kuwa moja ya dhambi nzito kupita zote. Maelezo yanafungua fumbo: mama ni tamaa, baba ni majivuno ya nafsi, na wafalme wawili ni mafundisho mawili ya uongo. Je, sisi hatuna neno la Bwana juu ya kumchukia baba na mama? Tunapolisoma kanisani, tunaeleza upesi sana, mbele ya wazee wa kijiji kukunja uso.

Budha mwenyewe, kadiri ya hubiri moja, alionya juu ya wasomaji wabaya. Mmonaki Arittha alikuwa amefahamu vibaya fundisho moja, akalishikilia kwa ukaidi. Mwalimu akasema kwamba mtu kama huyo amefanana na mwindaji wa nyoka anayemkamata nyoka kwa mkia: atageuka na kumwuma. Nyoka yule ni mafundisho. Lakini anayembana kwanza shingoni kwa kijiti cha panda hapati hatari. Katika hubiri lilo hilo alisema kwamba mafundisho ni kama chombo cha majani na matawi ambacho mtu amejifungia ili avuke mto. Akiisha kuvuka, hakibebi kichwani.

Sasa tulitazame lile neno la pili la kitabu chetu, juu ya kutamani kuwa si kitu. Wazungu wengi wa karne ya 19 waliliamini, hata wenyi elimu kama Barthélemy Saint-Hilaire huko Ufaransa, ambaye nirvana ilimtisha kwa sababu aliiona kuwa shimo tupu. Walisikia kwamba neno lenyewe lina maana ya kuzimika, kama taa, wakaishia hapo. Lakini katika lile linaloitwa hubiri la kwanza, mzizi wa mateso ni kiu, na kiu ni ya namna tatu: kiu ya anasa, kiu ya kuwako, na kiu ya kutokuwako. Tuliposoma hiyo ya tatu tuliweka kitabu chini. Lile ambalo tulifundishwa kuwa ndilo shabaha ya dini hii, lenyewe limehesabiwa wazi kati ya magonjwa yake! Tena mahali pengine mtu aitwaye Vaccha anamwuliza Budha kama aliyeokoka anazaliwa tena, au hazaliwi. Budha anakataa majibu yote. Anamwuliza naye: moto ukizimika mbele yako, umekwenda upande gani, mashariki au magharibi? Vaccha anajibu kwamba swali halifai. Na fundisho kwamba mtu anakatika na kwisha kabisa limetajwa mara nyingi katika vikapu kuwa kosa.

Tusije tukavuka mpaka upande wa pili. Wako watu siku hizi, hata mapadri, ambao wakiisha kugundua kosa la zamani wanasema kwamba basi nirvana ni mbingu yetu kwa jina lingine. Hapana. Maandiko hayo hayamwungami Mungu Muumba. Katika hubiri la kwanza la yale marefu mna hadithi ya Brahma, aliyezaliwa wa kwanza mahali patupu, akatamani wenzake. Walipotokea, alidhani kwamba yeye ndiye aliyewaumba, nao wakadhani vile vile. Hadithi hiyo ilitungwa makusudi ili kukana fundisho la muumba. Mkristu anayeisoma lazima aone kwamba hapa njia zimeachana. Kumheshimu jirani si kumlazimisha aseme maneno yetu.

Mtu aliyefahamu hayo mapema kupita wengine ni padri Ippolito Desideri, Myezuiti, aliyezaliwa Pistoia mwaka 1684. Ulaya ya wakati wake haikujua kitu cha hakika juu ya Budha, ingawa, kwa mzaha wa historia, ilikuwa ikimwadhimisha bila kumtambua: hadithi ya maisha yake ilikuwa imepita katika Kiarabu, Kijorjia na Kigiriki, ikawa habari ya watakatifu Barlaam na Josaphat, na jina Josaphat limetokana na bodhisattva. Watakatifu hao waliandikwa katika orodha ya Roma tarehe 27 Novemba.

Desideri alifika Lhasa tarehe 18 Machi 1716. Mwenzake alirudi Uhindi upesi. Yeye akabaki peke yake. Alijifunza Kitibeti toka asubuhi hata usiku, na mwanzoni mwa mwaka 1717 akamtolea mfalme Lhazang Khan kitabu alichokitunga katika lugha hiyo juu ya imani yetu. Mfalme alimsikiliza, kisha akampa shauri ambalo wamisionari wachache wamelipata kinywani mwa mfalme: mbele ya kubishana na walimu wa inchi, asome kwanza vitabu vyao. Naye alitii! Aliingia Ramoche, kisha monasteri kubwa ya Sera, akapewa chumba na ruhusa ya vitabu, akahudhuria mabishano ya wanafunzi. Alisoma Kangyur na Tengyur akiandika muhtasari. Aliona kwamba mlima mkubwa ni fundisho la utupu, akakiri kwamba walimu wengi walikuwa hawawezi kumweleza, mpaka akalichimba mwenyewe kwa sala na kazi.

Mwisho wa mwaka 1717 jeshi la Wadzungari liliingia Lhasa na kumwua mfalme. Desideri alikimbilia jimbo la Dakpo, akaendelea kuandika huko. Aliandika ili kubishana, tusifiche jambo hilo. Alitaka Watibeti waache fundisho la kuzaliwa mara nyingi. Lakini alibishana kwa maneno yao, kwa vitabu vyao, kwa namna yao ya kupanga hoja. Aliandika kwamba hawamkubali Muumba, akasifu mafundisho yao juu ya fadhila. Mwaka 1721 aliondoka kwa sababu Roma ilikuwa imewapa Wakapusini misioni ile. Akafa Roma mwaka 1733, na maandishi yake yakakaa gizani mpaka mwisho wa karne ya 19. Matokeo yake ni kwamba Ulaya ilianza upya bila yeye. Brian Hodgson alituma maandiko ya Kisanskriti toka Nepal. Eugène Burnouf huko Paris aliyasoma, akatoa mwaka 1844 kitabu kikubwa cha kwanza cha kitaalamu. Fausbøll wa Denmark aligeuza Dhammapada katika Kilatini mwaka 1855, na waseminari wetu wangeweza kuisoma hata kesho. Na mwaka 1881 Rhys Davids, aliyekuwa mtumishi wa serikali Ceylon na kufundishwa Kipali na mmonaki huko, alianzisha chama cha kupiga chapa maandiko ya Kipali. Burnouf, hata hivyo, hakupata kukaa Sera. Alikuwa na majani bila watu, na wengi waliomfuata walidhani majani yanatosha.

Konsilio ya pili ya Vatikano ilitaja dini ya Budha kwa heshima katika tangazo la tarehe 28 Oktoba 1965. Monsinyori Lamotte alikuwa amekwisha kufanya kazi miaka zaidi ya thelathini. Alikuwa ameanza mwaka 1944 kutoa tafsiri ya Kifaransa ya maelezo makubwa ambayo yamebaki katika Kichina tu, ya mkono wa Kumarajiva; mapokeo huyahesabu kuwa ya Nagarjuna, Lamotte mwenyewe aliona mashaka. Kitabu cha tano kilitoka mwaka 1980, naye akafa mwaka 1983 bila kuimaliza kazi yote. Ukifungua ukurasa wowote utaona mistari michache ya tafsiri juu, na chini yake maelezo yaliyosongamana, kila neno likipelekwa kwenye mahali pote palipolitaja katika lugha nne.

Ndugu anayetaka kuanza asianze na vitabu hivyo vya Lamotte, wala na vitabu vipya vinavyouzwa kwa ajili ya utulivu wa roho. Aanze na habari ya siku za mwisho za Budha, hubiri la 16 katika yale marefu, ambamo ataona mzee mgonjwa akisafiri, Ananda akilia huku ameegemea mlango, na zile sheria nne za kupima neno. Tafsiri za Kifaransa zipo. Asome kwa sauti kama inawezekana, na mahali panaporudiwa asiruke. Akifika penye neno nirvana, asiandike pembeni tafsiri yake mwenyewe mpaka amekwisha kulikuta mara kumi.